UZI: Jeff Astle, mfalme wa vichwa aliyeuawa na kazi yake

#1 Mzee wa Krosi

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi nilikuwa kibanda umiza, mechi imepoa, vijana wakaanza ule ubishi wao: nani alikuwa hatari zaidi kwa vichwa kwenye soka la England. Akatajwa Shearer, akatajwa Crouch na ule urefu wake, mmoja akamleta Tim Cahill ambaye hata Mwingereza si Mwingereza. Mimi nikasema Jeff Astle. Kimya. Dogo mmoja akageuka: "Huyo wa timu gani, babu?"

Babu! Hamsini na tano yenyewe sijafika.

Basi nimeamua niushushe hapa. Huyu bwana alilipwa kwa kupiga mpira kwa kichwa, akapendwa kwa kupiga mpira kwa kichwa, na mwaka 2002 ikaandikwa rasmi kwenye karatasi ya kwao kwamba kilichomuua ni kupiga mpira kwa kichwa. Halafu wenye mpira wao wakalala nalo zaidi ya miaka kumi. Mabao nitayataja, lakini kilichonikaa rohoni ni huko kulala.

Nashusha kwa vipande. Mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

#2 Kibendera

Siti ya mbele. Shusha mkuu.

#3 Dogo wa Uswazi

Yule dogo wa kibandani ni mimi, wakuu 😂 Babu kaamua kunianika. Haya twende.

#4 Mzee wa Krosi

Jeff Astle kazaliwa tarehe 13 Mei 1942, Eastwood, mji mdogo wa mkoa wa Nottinghamshire. Enzi hizo Eastwood ulikuwa mji wa makaa ya mawe. Kijana wa kule, asipojaliwa kitu kingine, anashuka shimoni. Hilo la shimoni lishikeni, nitalirudia mbele.

Yeye alijaliwa mpira. Akaanzia Notts County, na pale akamkuta Tommy Lawton, namba tisa wa zamani wa Everton na timu ya taifa, mtu ambaye wazee wa England wakihesabu wapiga vichwa wanaanza naye. Lawton alikuwa kastaafu, anafundisha. Akamshika dogo mkono. Mliocheza mnajua kichwa hakifundishwi ubaoni. Mpira unarushwa, unaruka, unapiga. Unarushwa tena, unapiga tena. Mpaka mwili unajua wenyewe saa ya kuondoka chini, na paji la uso linajua pa kugusa.

Septemba 1964 West Bromwich Albion wakamchukua kwa paundi 25,000. West Brom iko kando ya Birmingham, eneo la viwanda na tanuri ambalo kwa moshi wake lilibatizwa Nchi Nyeusi mpaka leo. Watu wa kazi ngumu, na timu yao ndiyo sikukuu yao. Astle akawafaa kama kiatu cha kushonewa. Alikaa miaka kumi, mechi 361, mabao 174. Kombe la Ligi wakalibeba 1966 mbele ya West Ham. Msimu wa 1969/70 akawa mfungaji bora wa Daraja la Kwanza, mabao 25, na daraja hilo enzi zile ndiyo Ligi Kuu ya leo. Mashabiki hawakumwita Jeff. Walimwita Mfalme.

Mwaka uliomtawaza ni 1968, Kombe la FA. Alifunga kila raundi. Kila raundi, wakuu, mpaka fainali. Robo fainali dhidi ya Liverpool ilirudiwa mara mbili ndipo akapatikana mshindi. Nusu fainali wakamtoa jirani yao Birmingham City 2-0, la Astle mojawapo. Fainali tarehe 18 Mei pale Wembley, Everton. Dakika tisini zimekwisha 0-0, mechi yenyewe kavu. Muda wa nyongeza, dakika ya tatu tu, Astle anaupata mpira nje ya boksi. Anapiga kwa mguu wa kulia, unamgonga Colin Harvey wa Everton, unamrudia. Safari hii uko upande wa kushoto, mguu wake wa kupandia basi tu. Akaupiga hivyo hivyo. Ukaenda kona ya juu, kipa kasimama.

1-0. Hilo ndilo Kombe la FA la mwisho kwa West Brom mpaka naandika hapa.

#5 Kibendera

Kwa hiyo mfalme wa vichwa kombe kalibeba kwa mguu wa kushoto? Mungu ana utani.

#6 Mzee wa Krosi

Subiri, utani haujaisha. Mexico 1970, Kombe la Dunia, Guadalajara, England na Brazil. Ndiyo mechi ile Gordon Banks alipookoa kichwa cha Pelé, ile picha mmeiona wote. Jairzinho wa Brazil kawafunga 1-0, kocha wa England Alf Ramsey anamwingiza Astle atafute la kusawazisha. Muda si mrefu beki wa Brazil anakosea, mpira unamwangukia Astle peke yake mbele ya goli, chini, mguuni. Mguu wa kushoto ule ule. Akautoa nje.

Mechi tano za timu ya taifa, bao hakuna. Ukimuuliza Mwingereza asiye wa West Brom kuhusu Astle, atakutajia huo mpira wa nje. Ungekuja juu kidogo tu, usawa wa kichwa, pengine tungekuwa tunaongea habari nyingine.

#7 Fundi Saa

Mkuu, usisahau Leeds 1971. Wazee wa Leeds hawajasamehe mpaka leo.

#8 Mzee wa Krosi

Umenikumbusha. Aprili 1971, Elland Road, Leeds wanakimbizana na Arsenal kwenye ubingwa. Tony Brown wa West Brom ananasa pasi katikati, mwenzake Colin Suggett yuko mbele kabisa kaotea, kibendera kinapanda juu, Brown mwenyewe anapunguza mwendo akijua ishakwisha. Refa Ray Tinkler anapunga mkono: endeleeni! Brown anaenda, anampasia Astle, Astle anamalizia goli tupu. Mashabiki wakaingia uwanjani, ikawa vurugu. Leeds wakalala 2-1, na ubingwa wakaukosa kwa pointi moja. Msimu uliofuata wakaanza kwa kuchezea mechi zao za nyumbani ugenini, adhabu ya zile fujo.

Kwa hiyo Arsenal humu ndani, ile dabo yenu ya 1971, ligi na Kombe la FA, mna deni kwa Astle.

#9 Dogo wa Uswazi

Arsenal tunadaiwa na kila mtu, ongeza tu kwenye daftari.

#10 Mzee wa Krosi

Sasa tuhamie baada ya mpira.

Kaondoka West Brom 1974, magoti yameanza kugoma. Akapita Hellenic ya Cape Town, akarudi kucheza timu ndogo za nje ya ligi. Pale Dunstable Town kwa msimu mmoja akafunga mabao zaidi ya thelathini, kwa watu wachache wamesimama na chai mkononi. 1977 akatundika viatu.

Vijana mnaosikia mishahara ya leo mjue kwamba England mpaka 1961 mchezaji alikuwa na kikomo cha paundi 20 kwa wiki, hata awe nani. Kilipoondolewa mambo yakawa afadhali, lakini mtu wa kizazi cha Astle alistaafu akiwa bado anahitaji kazi Jumatatu. Wengine wakafungua baa, wengine wakauza bima. Astle akafungua biashara ya usafi, viwandani, maofisini, madirisha. Mfungaji bora wa ligi yupo juu ya ngazi na kitambaa. Na kwenye gari lake la kazi kukaandikwa: Jeff Astle hakosi kona.

Napenda sana hilo. Mtu aliyetaniwa robo karne kwa kukosa goli Mexico anaandika mwenyewe kwamba hakosi kona. Kwetu nayo inakubali vile vile, kona ya uwanja na kona ya chumba.

Miaka ya tisini katikati akapata umaarufu wa pili. Wachekeshaji Frank Skinner na David Baddiel walikuwa na kipindi cha mpira kwenye televisheni usiku. Skinner ni West Brom wa kufa, akamleta mfalme wake awe anaimba mwisho wa kila kipindi. Sauti hana, anavalishwa vituko, anaimba hivyo hivyo anacheka. Vijana waliozaliwa baada ya 1970 wakampenda bila hata kujua aliwahi kufunga Wembley.

Hapo ana miaka 52, 53. Kumbukeni hiyo sura ya mtu anayecheka.

#11 Binti wa Ngamiani

Kaka Mzee wa Krosi, mimi mpira siuelewi, nimeingia kwa kichwa cha habari tu. Endelea, usituache hapo.

#12 Mzee wa Krosi

Dada karibu. Kinachofuata hakihitaji kuujua mpira.

Mwishoni mwa miaka ya tisini Astle akaanza kubadilika. Ana 55 hivi. Akawa anasahau, kisha anachanganya, kisha watu wanampotea. Madaktari wakasema dimenshia, katika umri ambao watu bado wanajenga nyumba. Mkewe Laraine akawa anamuuguza nyumbani. Binti yao Dawn amesimulia mara nyingi kwamba baba yake alifika mahali hakujua kuwa aliwahi kuwa mchezaji. Lile bao la Wembley watu wote wa mji wanalo kichwani, isipokuwa aliyelifunga.

Tarehe 19 Januari 2002, nyumbani kwa huyo binti, akapaliwa na chakula mbele ya familia yake. Akafa. Miaka 59.

Siku iliyofuata West Brom walicheza na Walsall. Jason Roberts alipofunga akainua jezi, ndani kavaa fulana yenye picha ya Astle.

#13 Muuguzi wa Zamu

Naomba niingize kidogo hapa kwa sababu watu wanaweza kudhani kupaliwa ni ajali tu.

Dimenshia ikishafika mbali mtu hasahau majina peke yake. Anasahau kutafuna, anasahau kumeza. Chakula kipo mdomoni na ubongo hautoi amri. Nimelisha wagonjwa wa hivi, kijiko kimoja unasubiri, unaangalia koo kama limepanda na kushuka, ndipo unaleta kingine. Ndugu wakija kutembelea wanaleta nyama nzuri, kwa upendo, na sisi roho juu. Mwenye mzee wa namna hii nyumbani: chakula laini, aketi wima, asilishwe akiwa amelala, na usimharakishe hata kama uji umepoa.

Samahani kwa kukatisha.

#14 Binti wa Ngamiani

Bibi yangu alikuwa hivyo. Sisi tulisema amekuwa mtoto. Hakuna aliyetuambia habari ya koo. Asante dada.

#15 Mzee wa Krosi

Muuguzi, hujakatisha, umekamilisha.

Sasa hapa ndipo penye uzi wenyewe. Kule kwao, kifo chenye utata kinaitiwa uchunguzi mbele ya afisa wa vifo. Uchunguzi wa Astle ulikaa Novemba 2002. Mtaalamu aliyeuangalia ubongo wake akasema umeumia kwa namna anayoiona kwa bondia. Na mtu huyu hajawahi kupanda ulingoni. Afisa akasikiliza, akaandika uamuzi: kifo kutokana na ugonjwa wa kazini.

Lirudieni hilo neno, ugonjwa wa kazini. Hilo ni neno la shimoni, wakuu. Ndilo wanaloandikiwa wachimba makaa ambao mapafu yao yamejaa vumbi. Kijana wa Eastwood kakwepa mgodi, kaenda juani kucheza kwenye majani, watu wanampigia makofi, na mwisho wa safari kapewa cheti kile kile cha wenzake waliobaki chini.

Wewe ungekuwa kiongozi wa mpira, siku ile ungefanya nini? Afisa wa serikali kasema mchezo wako umeua mtu. Kiwanda kikiambiwa hivyo kinafungwa wiki hiyo hiyo kikaguliwe. Chama cha Soka cha England, FA, na chama cha wachezaji, PFA, walikuwa wametangaza utafiti wa miaka kumi wa kufuatilia vijana chipukizi. Vijana wengi wakaachwa na klabu kabla hawajawa wachezaji wa maana, ufuatiliaji ukafa, majibu hayakuonekana. Na hakuna aliyerudi kwa Laraine na Dawn kuwaambia. Wao walikuwa nyumbani wanasubiri, wanaamini kuna watu wanafanya kazi.

#16 Namba Tano

Mimi nitakuwa mchawi humu. Nimecheza beki wa kati miaka tisa, ligi daraja la chini huko mikoani, krosi zote zilikuwa zangu. Kichwa kiko salama, nakumbuka mpaka anayenidai. Mzee Astle alicheza na mipira ya ngozi, ikilowa inakuwa kama jiwe. Mipira ya sasa laini. Hilo ni tatizo la zamani, msiwatishe vijana.

#17 Mzee wa Krosi

Namba Tano, hoja yako ndiyo waliyoishika wakubwa miaka yote hiyo, nitaijibu vizuri.

Kanuni ya uzito wa mpira mkavu karibu haijabadilika tangu 1937: leo ni gramu 410 hadi 450. Ngozi ilikuwa inanyonya maji, kweli, kwenye matope ya Desemba unapiga kitu kizito. Lakini mpira mzito uliolowa unakuja polepole. Wa leo haunyonyi maji na unakuja kama risasi. Ubongo haujali umeumizwa na kipi.

Na haya si maneno yangu. Mwaka 2014 familia ilikubali ubongo wa Astle uangaliwe upya na Dkt. Willie Stewart wa Glasgow, bingwa wa patholojia ya ubongo. Akakuta CTE. Kwa lugha yetu: ubongo uliogongwagongwa miaka mingi, kidogo kidogo, hadi protini inayoitwa tau inajikunja na kuganda ndani ya seli. Uhakika wake unapatikana baada ya kifo tu, chini ya darubini. Ugonjwa wa mabondia. Astle akawa mwanasoka wa kwanza wa Uingereza kuthibitishwa kuwa nao.

Baadaye Stewart huyo huyo akapewa fedha na FA na PFA, safari hii kweli, achunguze kwa mapana. Akachukua rekodi za wachezaji wa zamani wa Scotland 7,676, waliozaliwa kati ya 1900 na 1976, akawalinganisha na watu wa kawaida zaidi ya 23,000. Matokeo yakatoka Oktoba 2019: wanasoka walikuwa na uwezekano mara tatu na nusu zaidi wa kufa kwa magonjwa ya kuoza kwa ubongo. Haki itendeke, kwa wale wale vifo vya moyo na vya saratani ya mapafu vilikuwa vichache kuliko kwa watu wa kawaida. Mpira unakupa kifua, unadai kichwa.

Mwaka 2021 akachambua kwa nafasi. Makipa, ambao hawapigi vichwa, walikuwa karibu sawa na mtu wa mtaani. Mabeki, mara tano. Aliyecheza zaidi ya miaka kumi na tano, mara tano pia. Na enzi ya kuzaliwa haikubadilisha kitu, waliokulia kwenye ngozi na waliowafuata hali ni moja.

Wewe ni beki wa kati, ndugu yangu. Sikutishi. Uwezekano si hukumu, wengi wanazeeka wazima. Ila usiseme ni habari ya mipira ya zamani.

#18 Namba Tano

Mara tano.

Sawa mkuu. Nimekusoma.

#19 Kibendera

Na wale mabingwa wa dunia 1966 nimesikia nusu ya kikosi kilikwenda hivi hivi?

#20 Mzee wa Krosi

Karibu nusu. Katika kumi na moja walioanza fainali, watano waliugua dimenshia: Ray Wilson, Martin Peters, Jack Charlton, Nobby Stiles, na Bobby Charlton aliyefariki Oktoba 2023. Stiles alikwishauza medali zake kwa mnada ili watoto wapate kitu. Alipofariki 2020 ubongo wake ukaangaliwa, CTE. Mtoto wake John anapiga kelele mpaka leo pamoja na kina Dawn.

Tuwarudie hao wanawake wawili, kwa sababu bila wao hakuna Stewart, hakuna utafiti, hakuna chochote. Walipogundua 2014 kwamba ule utafiti wa ahadi haukufika popote, wakaanza kampeni: Haki kwa Jeff. Mashabiki wa West Brom wakaibeba. Kila mechi ikifika dakika ya tisa, namba ya jezi yake, uwanja mzima unasimama na kupiga makofi dakika nzima. Mechi baada ya mechi. Niliiona kwenye luninga sikuelewa, nikadhani kuna mtu kaumia. Mwenyekiti wa FA wa wakati huo, Greg Dyke, akawaomba radhi.

Aprili 2015 klabu ikapata ruhusa ya kuvaa jezi za fainali ya 1968, nyeupe tupu na soksi nyekundu, siku ya kuzindua taasisi ya Jeff Astle inayosaidia familia za wachezaji wa zamani. Mgeni alikuwa Leicester. Ungedhani mpira una adabu siku kama hiyo, lakini Leicester wakashinda 3-2, Vardy dakika za lala salama.

#21 Kocha wa Mchangani

Mkuu, mimi nina timu ya watoto, chini ya miaka 12, arobaini hivi kila jioni. Kila Alhamisi tunafanya vichwa. Nawapanga mistari miwili, narusha. Na mpira wenyewe mmoja umeshonwa mara ngapi sijui. Kuanzia post namba 15 sijisikii vizuri. Niache kabisa au?

#22 Mzee wa Krosi

Kocha, nakwambia wanavyofanya wao, uamuzi wako.

Marekani tangu 2015 watoto wa miaka kumi kushuka hawapigi vichwa kabisa. England, Scotland na Ireland ya Kaskazini Februari 2020 wakaondoa vichwa kwenye mazoezi ya watoto wa shule ya msingi, na baadaye England ikaanza kuviondoa hata kwenye mechi zao. Wakubwa wa kulipwa, tangu msimu wa 2021/22, wameshauriwa wasizidi vichwa vya nguvu kumi kwa wiki mazoezini, yaani vile vya krosi, kona, faulo na pasi ndefu.

Angalia hapo. Mtu mzima, ana daktari, ana mshahara, anaambiwa kumi kwa wiki. Mtoto wako kwenye mstari anapata vingapi Alhamisi moja?

Mazoezi ndiyo yanayomaliza watu. Kwenye mechi straika anapata vichwa vichache tu. Alichobeba Astle kilijaa huko Jumanne na Jumatano, mpira unarushwa, unapigwa.

#23 Muuguzi wa Zamu

Kocha, na mtoto akigongana kichwa akaona giza au akatapika, siku hiyo amemaliza kucheza, hata akikuambia yuko sawa. Watoto watasema wako sawa ili wasitolewe.

#24 Kocha wa Mchangani

Nimewasikia. Kesho ni Alhamisi. Nimenunua mapulizo ya sherehe, yale ya rangi. Watajifunza kuruka na kusubiri kwa pulizo. Wazazi watanicheka, wacha wacheke.

#25 Dogo wa Uswazi

Babu, nimekaa kimya nasoma. Nilipouliza wa timu gani nilikuwa nafanya masihara. Nisamehe.

Swali: pale kwao kuna kumbukumbu yoyote ya huyu mzee?

#26 Mzee wa Krosi

Ondoa hiyo "babu" kwanza.

Ipo. Uwanja wao, The Hawthorns, una mageti ya chuma yenye jina lake, yalifunguliwa 2003. Lakini mimi napenda zaidi daraja. Baada ya fainali ya 1968 mashabiki walipanda na rangi kwenye daraja moja la Netherton, karibu na Dudley, wakaandika kwa herufi kubwa kwamba Astle ni Mfalme. Likafutwa. Wakaandika tena. Likafutwa tena.

#27 Dogo wa Uswazi

Na sasa hivi?

#28 Mzee wa Krosi

Kila likifutwa kuna mtu anarudi na kopo la rangi.